Mwanangu, chupa zilikaa siku ngapi?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mnang'oa nanga Cape Town Ijumaa kwenda Bahari ya Kusini, na chupa za kuchotea maji ya kupima chuma "zimeshaoshwa". Zimeoshwa vipi? Hukutaja zilikaa siku ngapi kwenye asidi, na tangu hapo sijatulia.

Maji ya juu kule yana chuma takribani nanomoli 0.1 kwa lita, yaani nanogramu 5.6 (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu). Mikrogramu moja tu ikidondoka kutoka kwenye waya wa winchi, lita hiyo imeongezewa nanomoli 18. Hapo umepima meli, hukupima bahari. Wiki nzima ya sabuni ya maabara, suuza, kisha wiki kadhaa za asidi ya haidrokloriki. Ukiipasha hadi nyuzi 60 muda hupungua. Siku mbili hazitoshi, hata mkubwa wako aseme nini.

Nakukazania kwa sababu kosa hili halionekani kwa macho. Kule naitreti, mbolea ya baharini, imejaa tele, lakini diatomu, vile vimelea vidogo vinavyoishi kwa mwanga kama mimea, wanalala njaa kwa kukosa chuma. Chupa ya kulinganishia, ile msiyoitia chuma, ikiingiwa na kutu, diatomu watastawi humo sawa na wale mliowaongezea nanomoli 2 za chuma kwa lita, nanyi mtaandika kwamba chuma hakina neno. Vipimo vingi vya zamani vilipotoka namna hiyo, hadi mwanasayansi wa bahari John Martin na wenzake walipopima kwa usafi wa kweli miaka ya 1980. Glavu ikishagusa zipu ya koti, itupe.

Tena, sampuli za ligandi, yaani molekuli zinazoshika chuma majini, usizitie asidi! Zaidi ya asilimia 99 ya chuma kilichoyeyuka kimeshikwa na ligandi, zikiwemo siderofori ambazo bakteria huzitoa zikanase chuma, kisha huzipokea zikirudi nacho. (Wapo wasiotengeneza hata moja, wana mlango tu wa kupokelea jasho la wenzao.) Ukitia asidi, mshiko unaachia, huna tena cha kupima. Hizo zichuje kwa kichujio cha mikromita 0.2, uzigandishe nyuzi 20 chini ya sifuri. Za kupima chuma chenyewe ndizo za kutia mililita 2 za asidi kali, iliyo safi kabisa, kwa kila lita.

Ile hesabu yako ya chuma kinachorudi majini virusi wakipasua bakteria nimeisoma mara tatu. Ni nzuri sana. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania usome famasia, hilo tuliache. Lakini hesabu nzuri juu ya chupa chafu ni kazi bure.

Bati la jikoni linavuja tena, fundi anasema misumari imeliwa. Pesa ya sare ya mdogo wako usitume, nimeshalipa. Bibi anauliza kama huko kuna chai.

Siku ngapi kwenye asidi? Nijibu kabla ya Ijumaa.

Mama yako