Salamu za Pasaka: Akaitwa kwa Jina Lake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kwa neema ya Mungu tumeiona Pasaka nyingine. Nawasalimu nyote katika jina la Yesu Kristo aliye hai. Nyinyi mliotutumia salamu za pole na sikuwajibu, naomba mniwie radhi. Kwa miezi mingi sikuwa na neno. Mwaka umekuwa mzito. Kuna waliozika, kuna waliopoteza kazi, kuna waliodaiwa karo na kodi na mfukoni hamna kitu. Tumefika, lakini hatukufika wote.

Mama hatunaye. Siku zake za mwisho alilazwa kitanda namba 11, na wahudumu wakamzoea hivyo: namba 11 amekunywa dawa? Namba 11 ahamishiwe dirishani. Hawakuwa watu wabaya, wagonjwa walikuwa wengi mno. Ila kila alipoitwa hivyo, Mama aliinua kidole kutoka kwenye shuka na kulitaja jina lake la ubatizo, polepole, silabi moja moja, mpaka alimalize. Na tangu alipoondoka, lile jina la utotoni aliloniita mimi halitamkwi tena na mtu yeyote. Sitaliandika hapa.

Ndiyo maana mwaka huu nimekaa sana kwenye Yohana 20. Mariamu Magdalene amesimama nje ya kaburi, analia. Malaika wawili wanamwuliza, "Mama, unalilia nini?" Yesu mwenyewe anamwuliza vivyo hivyo, naye anadhani ni mtunza bustani. "Mama" ni neno la heshima, lakini humfaa mwanamke yeyote. Kisha Bwana anasema neno moja tu: "Mariamu." Hapo ndipo alipomjua. Aliyeishinda mauti, mwenye ulimwengu mzima wa kukomboa, asubuhi yake ya kwanza alisimama na mtu mmoja anayelia.

Tazameni na Petro. Katika Marko 16 wanawake wanatumwa wakawaambie wanafunzi wake, "na Petro." Kwani Petro hakuwa mwanafunzi? Alikuwa, lakini alikuwa amemkana Bwana mara tatu, na nadhani angesikia "wanafunzi" peke yake angejitoa mwenyewe katika hesabu. Akatajwa. Tomaso naye, baada ya siku nane, akajibiwa neno kwa neno yale aliyoyataka: kidole chako, mkono wako, ubavu wangu.

Kuna jambo jingine linalonigusa kila nikilisoma. Katika Mathayo, mashomoro wawili wanauzwa kwa senti moja. Katika Luka, watano kwa senti mbili. Pigeni hesabu: yule wa tano ni nyongeza, hakulipiwa chochote. Na ni hapo hapo Yesu anaposema hakuna hata mmoja wao anayesahauliwa mbele za Mungu.

Ndugu yangu, usijifiche ndani ya wingi wa kusanyiko ukasema Mungu anaupenda ulimwengu, ukaishia hapo. Paulo aliandika, "alinipenda," akajitoa "kwa ajili yangu." Nawe sema hivyo, hata kama sauti inatetemeka. Unayejiona nyongeza nyumbani kwenu, usiyepigiwa simu na mtu, uliyerudi nyuma ukaona aibu kuingia kanisani, husikii Isaya? "Nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." Na tuliokwisha kuitwa, tuache kuhesabu watu kama viti vilivyojaa! Mchungaji aliwaacha tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja. Sisi mmoja akikosekana wiki tatu hatujui hata anakaa wapi. Tumtafute Pasaka hii. Tumwite kwa jina lake, si "mpendwa," si "mshirika."

Nawatakia nyote Pasaka njema yenye amani, upendo na furaha. Wagonjwa Bwana awaponye, wafiwa awafariji, wasafiri awafikishe salama, na kazi za mikono yenu azibariki. Bwana amefufuka! Amefufuka kweli kweli!

Nanyi mliomfahamu Mama, tukikutana baada ya ibada, msiogope kumzungumzia mbele yangu. Mtajeni kwa jina.