YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAMA YANGU KUZUIWA MLANGONI NA KUKABIDHIWA MIZIGO YA WATU, MKUNAZINI, 28 DESEMBA 2024

Morogoro,
6 Januari 2025.

Kwa Meneja,
Kampuni ya Kutembeza Wageni,
Mji Mkongwe, Zanzibar.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nawasalimu na kuwatakia heri ya mwaka mpya. Nimekaa na barua hii siku tisa ili hasira zipungue niandike kama mtu mzima. Hazijapungua sana. Hata hivyo nitajitahidi kuwaandikia kwa heshima, ile ambayo mtu wenu alishindwa kumpa mama yangu.

Risiti yetu mnayo: watu sita, shilingi 210,000, ziara ya masaa matatu ya familia peke yake, maelezo kwa Kiswahili, mwendo wa taratibu kwa kuwa tuna mzee wa miaka 76. Yote hayo niliwaandikia kabla sijatuma pesa, mkanijibu "hamna shida dada, bibi tutamtunza". Masharti yenu mnayajua kunishinda mimi, sina haja ya kuwasomea. Nakwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Mkunazini, pale lilipokuwa soko la watumwa, penye ngazi za kushukia kwenye vile vyumba viwili vya chini ya ardhi, mtembeza wageni wenu alinyoosha mkono akamzuia mama yangu asipite, akamwambia: "Bibi, wewe utatuchelewesha. Kaa hapa uwaangalizie wageni mizigo yao." Kisha akampa mabegi matatu. Hayakuwa mabegi yetu. Mama yangu akakaa nje, peke yake, analinda mizigo ya watu asiowajua, robo saa nzima, kwenye ziara niliyoilipia kwa ajili yake.

Kwa hilo naomba nirudishiwe nusu ya fedha, yaani shilingi 105,000, na mama aandikiwe barua ya kuombwa radhi.

Mtaniuliza hao wageni walitoka wapi. Hata mimi nawauliza ninyi. Tulikuwa Jaws Corner, ile baraza ya wanywa kahawa ndani ya Mji Mkongwe, simu ya mtembeza wageni wenu ikaita, akasogea pembeni, akarudi anasema tuwasubiri wenzetu kidogo. Wenzetu gani? Tulisimama dakika ishirini, ndipo akaja kijana mwingine aliyevaa fulana yenu ileile, ana watu saba nyuma yake, akawakabidhi kwa mwenzake na kuondoka zake. Tangu hapo Kiswahili kikakoma. Maelezo yote yakawa Kiingereza, na sisi tukawa tunatupiwa neno mojamoja wakati keshageuka anatembea. Mwanangu wa mwisho, ana miaka minane, alinivuta gauni akaniuliza: "Mama, sisi zamu yetu imeisha?"

Hapo hapo Jaws Corner, mzee mmoja aliyekuwa barazani anacheza dhumna alimwona mama amesimama na fimbo yake, akasogea, akapangusa sehemu kwa kiganja: "Karibu bibi, kaa upumzike." Muuza kahawa akamletea kikombe na kipande cha kashata, na mume wangu alipotoa pesa akakataa. Nataka mjue kwamba siulalamikii Mji Mkongwe wala watu wake. Watu tusiowalipa hata senti walimpa mama yangu pa kukaa. Ninyi mliopokea pesa yangu mlimpa mizigo.

Na siku haikuanzia hapo kuharibika. Tulikubaliana saa tatu kamili Forodhani. Alifika saa tatu na dakika arobaini, bila pole. Kitu cha kwanza kutupeleka si Ngome Kongwe, ilhali tulikuwa tumesimama mbele yake, bali duka la vinyago na vitenge mtaa wa Gizenga, dakika thelathini na tano, muuzaji anamwita kwa jina na kumwekea kiti. Watu wazima tunaelewa maana yake. Jumba la Maajabu alilinyooshea kidole huku anatembea: "Lile ndilo lililoanguka." Basi. Jumba la Sultan Barghash la 1883, lililobomoka upande wa mbele na mnara wake tarehe 25 Desemba 2020 na kuua mafundi wawili, na sisi tumefika siku tatu tu baada ya kutimia miaka minne, linamalizwa kwa maneno matatu! Mwanangu mkubwa alikuwa na maswali yake ameyaandika kwenye daftari. Alilifunga pale pale.

Kwenye milango, mama ndiye aliyegeuka mwalimu. Aliwaonyesha wajukuu kwamba ule wenye tao juu ni wa Kihindi na ule ulionyooka ni wa Kiarabu, akamwacha binti yangu apitishe kidole kwenye nakshi ya mnyororo iliyochongwa kuzunguka fremu, kwa sababu na kwao Bagamoyo milango ya namna hiyo ipo. Alikuwa na furaha. Naomba mlikumbuke hilo: hadi mtaa wa Hurumzi mama yangu alikuwa na furaha, licha ya magoti yake.

Sasa niwaambie kwa nini Mkunazini.

Mama wa bibi yake alipita pale. Alikuwa mtoto, hakujua hata kwao kunaitwaje, alikumbuka ziwa tu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walimkomboa sokoni wakamvusha kwa jahazi hadi Bagamoyo, kwenye misheni waliyoianzisha 1868, na huko ndiko ukoo wetu ulikoanzia. Habari hii kwetu haijaandikwa mahali. Imetoka mdomo kwa mdomo, bibi kwa mjukuu, na mama ndiye wa mwisho kuisikia kutoka kwa mtu aliyemwona yule mtoto akiwa mzee. Miaka yote alisema kabla hajafa ataingia mle chumbani na wajukuu zake, awaambie habari hiyo akiwa amesimama mle ndani. Tuliweka akiba ya safari hii tangu Pasaka. Hata hili niliwaandikia, na mkanirudishia alama ya moyo.

Kwa hiyo narudi pale kwenye ngazi, kwa sababu mara ya kwanza sikuandika yote. Sikuweza.

Mimi nilikuwa nimetangulia kushuka nimemshika mdogo mkono, maana njia ni nyembamba na mle ndani dari liko chini, mtu mzima anainama. Binti yangu alikuwa nyuma yangu. Mume wangu alikuwa dirishani analipa viingilio, ambavyo mlisema vimo ndani ya bei. Nyuma walibaki mama na mwanangu mkubwa, na huyu ndiye shahidi wangu. Mama alikuwa keshashusha fimbo kwenye ngazi ya kwanza na mguu mmoja. Mguu mmoja ulikuwa umeshashuka, Ndugu Meneja! Mkono wa mtu wenu ukapita mbele ya kifua chake. "Bibi, wewe utatuchelewesha." Mama akamwambia kwa upole: "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuja kuona humu." Akajibiwa: "Hamna kitu humo bibi, vyumba tu."

Vyumba tu.

Akamrudisha nyuma, akamkalisha kwenye ukingo wa saruji, akampakatisha begi jeusi la mgongoni, mkoba wa ukili uliojaa chupa za maji, na begi la kamera. Mwanangu akasema, "Kaka, bibi ndiye mwenye safari." Akaambiwa, "Dogo, shuka, usizibe njia." Mtoto hakushuka. Alibaki na bibi yake. Mama hakubishana, ni mtu wa kizazi kile, hawezi kugombana mbele ya wageni. Aliyakumbatia yale mabegi mapajani kama anavyopakata mjukuu, yasishike vumbi. Mimi huko chini nikauliza mama yuko wapi. Mtu wenu akanijibu machoni bila kupepesa: "Bibi kaamua kupumzika." Uongo mtupu, na nikauamini, kwa sababu ya magoti yake. Hilo linaniuma mpaka leo ninapoandika.

Tulipopanda, yule mama wa kizungu mwenye mkoba wa ukili alichukua mkoba wake, akatabasamu, akamwekea mama yangu kiganjani noti ya dola moja.

Simlaumu. Alimkuta bibi mweusi amekaa nje analinda mizigo, aliyemweka pale ni mfanyakazi wenu, angejuaje kama ni mteja? Mama akaitazama ile noti, akanitazama mimi, akaniuliza: "Hii ya nini?" Mtu wenu alikuwa hatua mbili kutoka hapo. Akacheka. Akasema: "Bibi, leo umepata."

Mahali penyewe ni pale lilipokuwa soko la watumwa. Zile sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, zimesimama ndani ya shimo, ziko hatua chache tu. Mtu anayewatembeza watu pale kila siku hakuona kitu kibaya katika kumkalisha kitukuu wa mtumwa na mizigo mapajani na kucheka anapolipwa.

Nilimwomba mama tushuke wawili, mimi na yeye. Akasema miguu imechoka. Hata kanisani hapo hapo Mkunazini, penye ule msalaba wa mti wa Chitambo, kijiji ulikozikwa moyo wa Livingstone, msalaba ambao mama alikuwa akiusimulia tangu tukiwa wadogo, aliingia akakaa benchi la nyuma, akatoka. Mle ndani mtu wenu alikuwa anawaambia wageni wake kwamba soko lilifungwa na Sultan Said. Mwanangu, yuko kidato cha pili, akamsahihisha kwa adabu kwamba ni Sultan Barghash, 1873. Akajibiwa kuwa mwenye kitambulisho shingoni ni nani. Seyyid Said alifariki 1856! Kama hayo ndiyo mafunzo mnayowapa watu wenu, mnawauzia wageni nini hasa? Na tulipofika Darajani akaniomba ya soda.

Zile dakika arobaini alizochelewa, lile duka, ile tarehe aliyokosea, ningeweza kuyameza yote. Mtu anachoka, anakosea, ana njaa zake. Sikuwapigia simu kwa hayo. Niliwapigia Jumapili tarehe 29 kwa sababu ya mama, na dada aliyepokea akaniuliza kama nina uhakika "bibi hakutaka mwenyewe kukaa". Jumatatu nikapata meseji: "Pole kwa usumbufu. Karibu tena, tutakupa punguzo la asilimia kumi." Usumbufu! Usumbufu ni mvua kunyesha. Na punguzo la kitu gani, nimlete mama akalinde mizigo kwa bei nafuu?

Juu huko nimeandika nusu ya fedha. Nimeisoma tena barua hii na nimebadili mawazo. Nataka shilingi 210,000 zote, pamoja na viingilio ambavyo mume wangu alilipa mara ya pili, shilingi kwa shilingi. Risiti za dirishani nimeziambatanisha.

Wala barua ya kuomba radhi haitoshi tena. Nataka mtu wenu, akiwa na mkubwa mmoja wa ofisi, ampigie mama simu au aje amwambie kwa mdomo wake, kwa Kiswahili, alichomfanyia. Si "kama ulijisikia vibaya". Aseme: nilikuzuia mlangoni, nikakupa mizigo, nikakucheka. Kisha mama arudishwe Zanzibar kwa gharama yenu, nauli ya boti kwenda na kurudi, yeye na mjukuu wake mmoja wa kumshika mkono, pamoja na mtembeza wageni mwingine anayejua kazi, ashuke zile ngazi hata kama zitamchukua nusu saa, na asiwepo mtu wa kumharakisha. Ana miaka 76 na magoti yake hayaendi yakipona. Hili silifanyii biashara.

Mtu huyo akiendelea kupokea wageni kwa jina lenu kabla hayo hayajafanyika, nitachukulia kwamba alichofanya ndio utaratibu wa kampuni.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nawapa saba tangu mtakapopokea. Siku ya nane barua hii inakwenda Kamisheni ya Utalii Zanzibar pamoja na maelezo ya mwanangu aliyoyaandika kwa mkono wake, kurasa mbili, na nakala nyingine kwa wakili ambaye keshaisoma na kuniambia nisibadili neno. Na kuna picha. Mwanangu aliipiga kwa simu akiwa amesimama pale na bibi yake: mama yuko kwenye ukingo wa saruji, mabegi matatu mapajani, fimbo imelala chini, na mtu wenu anaonekana mgongo akishuka. Mkininyamazia nitaiweka mtandaoni kila mahali wateja wenu wanapowatafuta. Uso wa mama nitauziba. Maandishi ya kwenye fulana yenu sitayaziba.

Ile dola moja mama hakuitumia wala hakuitupa. Aliikunja akanipa ndani ya boti, na ndilo neno pekee alilosema njia nzima: "Warudishie wenyewe." Nimeibana kwa pini kwenye ukurasa huu. Naomba mnisainie kwamba mmeipokea.

Wasalaam,

Mteja wenu wa risiti ya tarehe 28 Desemba 2024,
kwa niaba ya mama yangu.

Viambatanisho: nakala ya risiti ya malipo, risiti za viingilio, nakala ya mazungumzo yetu kabla ya malipo, noti ya dola moja.