Shukrani za familia baada ya kumpumzisha Baba yetu, Usangi

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki,

Sisi watoto, wajukuu na Mama yetu tunawashukuru kwa namna mlivyosimama nasi tangu siku ya msiba hadi tulipomlaza Baba kwenye udongo wa Usangi, wilayani Mwanga. Tungependa kumfikia kila mmoja nyumbani kwake, lakini hatutaweza, maana mlikuwa wengi kuliko tulivyotarajia. Pokeeni shukrani hizi kama tumebisha hodi mlangoni kwenu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia siku zake za mwisho. Mchungaji, wazee wa usharika, wanakwaya na akina mama walioamka alfajiri kuinjika makande ya waombolezaji, Mungu awabariki. Vijana wa kijijini mlilisukuma gari la jeneza kwenye zile kona za kupanda kutoka Mwanga baada ya mvua kuinyeshea barabara. Tuliona viatu vyenu. Hatutasahau.

Wenzake wa kazini, wastaafu na mlio kazini bado, mlikuja na kutusimulia mambo ambayo sisi wanawe hatukuwahi kuyasikia. Baba hakuleta kazi nyumbani. Tulijua tu kwamba alitoka Chuo cha Polisi Moshi, na kwamba Kikosi cha Kuzuia Rushwa kilipoanzishwa Januari 1975 chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, alikuwa miongoni mwa maofisa wa mwanzo. Sheria ya Kuzuia Rushwa ilikuwa imeshatungwa mwaka 1971. Kilichokosekana, alivyotuambia, ni watu wa kuibeba.

Ninyi ndio mliotueleza jinsi alivyowafundisha kuandaa mtego wa noti za kumnasa mla rushwa. Kabla noti hazijatoka ofisini ziliandikwa namba moja moja, hata zikiwa noti za shilingi ishirini tu, na shahidi akatia saini mbele ya macho yake. Ofisa akiruka namba moja, Baba alimwanzisha upya. Alisema kesi hushinda au hufa kwenye daftari, mahakamani ni kwenda kulisoma tu. Tulicheka huku tukilia, kwa sababu hivyo hivyo ndivyo alivyotutuma dukani: chenji na risiti juu ya meza, ndipo ule.

Amehudumu chini ya majina matatu. Kikosi kikawa Taasisi ya Kuzuia Rushwa mwaka 1991, kikiwa kimehamishiwa Ofisi ya Rais, kisha Julai 2007 ikaja TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, kwa Sheria namba 11 ya mwaka huo. Sheria hiyo aliisubiri sana. Ilipanua makosa ya rushwa kuliko sheria ya zamani, na rushwa ya ngono ikaandikwa kwa jina lake. Mwaka mmoja baadaye alistaafu akiwa na miaka sitini. Kama kuna kipindi kilichomuumiza, ni Desemba 1996, Tume ya Jaji Warioba, iliyochunguza rushwa nchini, ilipokabidhi taarifa yake kwa Rais Mkapa. Polisi na Mahakama vilitajwa humo bila kificho. Yeye alikuwa ametokea Polisi. Aliisoma kwa rula, mstari kwa mstari, usiku kadhaa mfululizo, na wala hakutafuta pa kujitetea.

Tulipofungua sanduku lake tulikuta kadi yake ya TANU, yenye ile ahadi kwamba rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa. Chini yake palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama aliitambua kabla hatujaifungua. Mwaka 1983, sukari ikiwa adimu na foleni za duka la ushirika zikianza usiku, mtu mmoja alileta kilo tano nyumbani Baba akiwa safarini. Mama alipokea akidhani ni za ndugu. Baba aliporudi aliuliza jina, akavaa viatu, akazibeba kwa miguu usiku ule ule. Karatasi inasema: "Nimerudishiwa sukari kilo tano, kamili." Saini ya aliyepokea, saini ya Baba, tarehe. Kesho yake tulikunywa chai bila sukari, na wiki iliyofuata pia.

Mama, shukrani zetu kubwa ni kwako. Mshahara ule ule ulitusomesha wote, na jembe lako ndilo lililojazia. Sifa alizopewa Baba pale makaburini nusu yake ni zako.

Na kuna watu tunaotaka kuwashukuru kipekee: ndugu aliowakatalia. Mpwa aliyeomba atafutiwe ajira, shemeji aliyetaka leseni isukumwe, binamu aliyekaa miaka bila kutukanyagia kwetu. Mlikuja. Mliumia wakati ule, nasi tunalijua hilo, maana kwenye harusi zetu viti vyenu vilikuwa vitupu. Mlipofika msibani mkaingia moja kwa moja jikoni na kwenye kuchimba kaburi, mlitupa kitu ambacho Baba hakuweza kukiomba. Tunamshukuru pia mzee mmoja, hatutamtaja, ambaye zamani alifikishwa mahakamani kwa upelelezi wa Baba. Alipanda mlima na fimbo yake, akashika sepeto, akatupia udongo, akakaa nasi hadi jioni.

Tutaanua tanga nyumbani Usangi Jumamosi hii baada ya ibada ya asubuhi. Karibuni nyote.

Rambirambi na michango yote imeandikwa, aliyetoa na kiasi alichotoa, pamoja na matumizi na risiti zake. Kilichobaki baada ya jeneza, usafiri na chakula tumekubaliana kununulia magodoro ya zahanati ya kijiji. Daftari lipo kwa kaka yetu mkubwa, na siku ya kuanua tanga litakuwa mezani barazani. Yeyote aliyechangia alifungue. Kama jina lako halimo, au kiasi kilichoandikwa sicho, tuambie turekebishe siku hiyo hiyo mbele ya shahidi.