Shahada ya biolojia bila kukanyaga msitu haijakamilika

Ndugu Mhariri,

Nafundisha biolojia katika sekondari moja hapa Tukuyu, na kila mwaka tunapokea wanachuo wanaokuja kwa mazoezi ya kufundisha. Ni vijana wenye bidii, na wengine GPA zao ni za kujivunia. Lakini mwombe mmoja awapeleke watoto wa kidato cha pili pembeni mwa msitu wa Rungwe, uone anavyosita. Kangaga anaijua kwa mchoro wa kitabuni. Ikiwa hai mbele yake, na vijimbegu vyake chini ya jani, anaipita.

Siwalaumu wao. Wametimiza kila walichoambiwa. Shahada ya miaka 3 kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inadai krediti zisizopungua 360, na kila krediti inahesabiwa saa 10 za kujifunza, yaani saa 3,600. Humo mna biolojia ya seli, jenetiki, ekolojia, kemia, takwimu, na kwa wengi mradi wa utafiti mwaka wa mwisho. Sina ugomvi na somo lolote kati ya hayo, hata takwimu wanayoikimbia. Ninachouliza ni saa ngapi kati ya hizo 3,600 mwanafunzi anazitumia akiwa amepiga magoti kwenye udongo.

Tena hata hiyo fildi yenyewe, yaani mafunzo kwa vitendo nje ya chuo, tazama inapopangwa: Julai hadi Septemba, vyuo vikifunga. Huku kwetu hicho ni kipupwe na kiangazi. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ile tunayoiita Bustani ya Mungu, ina aina zipatazo 350 za mimea, okidi peke yake 45, na huchanua wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kijana akipanda huko kupitia Matamba mwezi wa nane atakuta nyasi kavu na baridi. Atarudi chuoni na dodoso alizojaziwa na wanakijiji, aandike ripoti, apewe alama. Amefanya utafiti wa maoni ya watu, biolojia ameiacha mlimani.

Nani asiyemkumbuka kipunji? Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kwa jina lake tangu zamani. Watafiti walipowasikiliza wakamfuata msituni, wakamthibitisha katika msitu wa Rungwe-Livingstone mwaka 2003, na mwaka 2005 akatangazwa duniani kuwa ni spishi mpya ya kima. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake. Haya yalianzia kwenye mlima ambao wanafunzi wangu wanauona kila asubuhi. Sasa huyo mhitimu asiyewahi kukaa na mzee mmoja kumuuliza majina ya miti, atagundua nini?

Pendekezo langu kwa vyuo vyenye shahada ya biolojia ni hili: asihitimu mtu asiyekusanya mimea 40 kwa mikono yake, akaikausha, akaibana kwenye karatasi, na kila mmoja akauandikia jina la kisayansi, jina la wenyeji, mahali, mwinuko na tarehe. Afanye kazi hiyo kwa wiki mbili za Februari, nje ya hifadhi, kandokando ya mito na mashamba, kwa idhini ya kijiji. Okidi apige picha tu asing'oe, maana zimeshachimbwa vya kutosha kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi vya okidi vinavyovushwa kwenda Zambia.

Najua nitajibiwa kwamba fedha hakuna. Magazeti ya zamani na mbao mbili za kubania ni gharama gani? Kinachogharimu ni nauli na malazi, na hapo shule za huku zinaweza kusaidia. Sisi tuna darasa kavu na maabara yenye hadubini mbili nzima. Chuo kikiandika barua kabla ya Januari, nitazungumza na mkuu wangu wa shule na serikali ya kijiji, na wazee wanaoijua mimea nitawatafuta mwenyewe.

Mwalimu wa Biolojia,
Tukuyu, Mbeya