Marciano hakushinda kwa moyo tu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mabondia waliofika kileleni bila kipaji cha kuzaliwa imechagua majina mazuri, lakini imekosea sababu. Kila aliyetajwa mmesema alibebwa na "moyo" na "uvumilivu". Kijana mzito wa miguu akisoma hivyo ataondoka na somo moja tu: avumilie ngumi. Wanaofuata ushauri huo huanza kusahau majina ya watoto wao kabla hawajafika uzeeni.

Tuanze na Rocky Marciano, bingwa wa dunia wa uzito wa juu wa miaka ya 1950, maana ndiye mliyemtukuza zaidi. Ni kweli hakuwa na umbo la bingwa wa uzito wa juu. Alikuwa na urefu wa sentimita 178 hivi na kilo 84 hivi, na mikono yake ilikuwa mifupi mno kwa uzito huo. Mwaka 1947 alikwenda kujaribiwa na klabu ya besiboli ya Chicago Cubs wakamrudisha, hakuwa na mrusho wa kutosha. Alipoingia ndondi za kulipwa moja kwa moja mwaka 1948 alikuwa na miaka 24, bado anajifunza vitu ambavyo wenzake walivijua tangu utotoni. Hata hivyo, kusema hakuwa na kipaji chochote ni kutia chumvi. Ngumi nzito mtu huzaliwa nayo, na mkono wake wa kulia ulikuwa wa aina hiyo. Alichokosa ni urefu, wepesi na ufundi.

Kocha wake, Charley Goldman, hakuanzia kwenye moyo, alianzia kwenye viatu. Marciano alikuwa akisimama ametanua miguu kupita kiasi. Bondia akisimama hivyo uzito wake hukwama katikati: akirusha mkono wa kulia, mguu wa nyuma hausukumi kitu, ngumi inatoka begani peke yake bila nyonga, na ikikosa shabaha anapepesuka kwenda mbele na kidevu kiko wazi. Goldman akamfunga kamba za viatu pamoja afanye mazoezi hivyo hivyo, mpaka miguu ikazoea kukaa mahali pake.

Baada ya hapo akamwinamisha. Watu hudhani bondia mfupi huinama ili ajifiche. Faida kubwa zaidi ni kwamba mpinzani mrefu analazimika kupiga kwa kushuka, na mkono unaoshuka haufiki mbali kama unaokwenda sawa na bega. Sentimita kadhaa za urefu wake zinapotea bila wewe kufanya lolote. Kisha magoti yaliyokunjwa tayari ni springi, ukinyanyuka unanyanyuka na ngumi.

Hapa ndipo walimu wengi huharibu. Wanamwambia kijana "inama", naye anakunja kiuno. Macho yanaangalia sakafu, na ngumi ya kutoka chini inamkuta hana habari. Kinachotakiwa kukunjwa ni magoti; mgongo unalala mbele kidogo tu. Kipimo ni rahisi: akiwa chini, bado aone kidevu cha mpinzani. Akiona viatu, amepitiliza.

Zoezi la kuinama hivyo halina gharama. Funga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, usawa wa mabega ya bondia. Kwa dakika 3 atembee akiifuata: hatua fupi, magoti yashuke, kichwa kipite chini ya kamba kutokea kulia, hatua, kipite tena kutokea kushoto. Dakika 1 apumzike, arudie raundi 4. Mtazame mikono, kwa sababu mapaja yakianza kuwaka glovu zitashuka hadi kifuani bila yeye kujua. Tazama pia kama visigino vinakutana kila anapopiga hatua. Miguu iliyokutana haihimili hata ngumi ndogo. Kosa linalochelewa kuonekana ni mdundo. Kulia, kushoto, kulia, kushoto kama saa ya ukutani, na mpinzani mwenye akili atahesabu na kukusubiri unakotokea. Mfundishe kupita kulia mara mbili mfululizo, au asimame nusu ya safari.

Halafu kuna suala la shabaha. Mtu wa mikono mifupi akisubiri kichwa kikae wazi, raundi zitaisha. Marciano alipiga kilichokuwa karibu. Roland LaStarza, fundi kweli wa kujikinga, alimsumbua sana mwaka 1950. Waliporudiana Septemba 1953 Marciano alimtwanga mikono ile ile ya kujikingia mpaka ikashindwa kunyanyuka sawasawa, na raundi ya 11 pambano likasimamishwa. Hilo ni hesabu, sio ukaidi.

Wengine katika orodha yenu nao wana sababu zao. Glen Johnson alimwangusha Roy Jones, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, katika raundi ya 9, Septemba 2004, kwa kumbana kamba kwa kamba na kumnyima nafasi ya kuruka. Tuseme ukweli lakini: Jones alikuwa ameshapita kilele chake. Orlando Salido naye, akiwa ameshapoteza mapambano zaidi ya 10, alimshinda Vasyl Lomachenko mwenye dhahabu mbili za Olimpiki mnamo Machi 2014. Kazi yake ya kupiga mwili ilikuwa nzuri. Ila alizidi uzito kwenye mizani na ngumi zake nyingi zilitua chini ya mkanda, kwa hiyo sielewi kwa nini mmempa sifa zote bila kuligusa hilo.

Andy Ruiz hakustahili kuwamo kabisa. Mmetazama tumbo, hamkutazama mikono. Usiku aliompiga bingwa Anthony Joshua, Juni 2019, alikuwa na kilo 121 hivi, na bado mikono yake ilikuwa miepesi kuliko ya mabondia wengi wa uzito wake. Hicho ndicho kipaji chenyewe. Desemba mwaka huo huo alirudi na kilo 128 hivi, miguu ikashindwa kuipeleka mikono karibu na mpinzani, akapoteza kwa pointi.

Nina ombi moja. Picha zote tatu za makala yenu zimekatwa kiunoni, miguu inakotoka nguvu haionekani, wakati pambano la Marciano na Jersey Joe Walcott, bingwa wa wakati huo, la 1952 lilimalizwa na ngumi ya kulia iliyosafiri umbali mfupi sana. Mkirudia mada hii, tafuteni picha ya sekunde hiyo inayoonyesha miguu yote miwili, na mwambieni msomaji aangalie kisigino cha nyuma.

Wenu,
Mwalimu wa ndondi