Barua kutoka Busia

Busia, Uganda

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Sisi huku wazima, kazi ya mpakani ndiyo ileile.

Uliniuliza wajumbe wetu hufuata nini Geneva, kwenye mazungumzo ya biashara ya dunia, ikiwa bei ya mazao yetu hupangwa na wengine. Jibu langu huenda likakukera: wanapigania haki ambazo nyingi tunazo tayari, ila hatuna fedha za kuzitumia.

Tuanze na ruzuku. Mkataba wa Kilimo wa Shirika la Biashara Duniani, wa tangu 1995, unaruhusu nchi nyingi zinazoendelea kuruzuku kila zao hadi asilimia 10 ya thamani yake. Matajiri asilimia 5. Sisi wa kundi la nchi maskini kabisa hatudaiwi hata kupunguza. Ruhusa pana, Hazina nyembamba! Wenzetu waliokuwa wakimwaga ruzuku tangu zamani walitakiwa kupunguza kidogo tu, wakaachiwa haki ya kuvuka hiyo asilimia 5. Kwenye mkutano wa mawaziri wa shirika hilo, Nairobi, Desemba 2015, walikubali kufuta ruzuku za mauzo ya nje, na hilo silibezi. Lakini ruzuku za ndani, ambazo Benin, Burkina Faso, Chad na Mali wamezilalamikia tangu 2003 kwa ajili ya pamba yao, bado zipo. Kwenye mkutano wa Abu Dhabi, 2024, kilimo kikaahirishwa tena.

Ushuru je? Ulaya imetufungulia soko tangu 2001: kila kitu isipokuwa silaha, bila ushuru wala ukomo wa kiasi. Hata kahawa iliyokaangwa. Kwa hiyo nikisikia mwanasiasa akilaumu ushuru wa Ulaya peke yake, huwa nacheka. Kinachotukwamisha ni viwango. Sasa wana sheria ya misitu inayomtaka mnunuzi aonyeshe shamba kahawa ilikotoka, na kwamba msitu haukufyekwa hapo baada ya 31 Desemba 2020. Mzee wa Bugisu, huku kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mwenye kishamba chake atapimiwa na nani?

Halafu usisahau ya hapa karibu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na yenu pia huko Tanzania, kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Baada ya siku chache wakafungua, kwa sharti la cheti kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Nilisimama kwenye foleni ya malori nikitazama bambo, kile chuma cha kuchukulia sampuli, likidungwa kwenye gunia baada ya gunia, punje zikimiminika kiganjani: nyingine safi, nyingine zimeota ukungu wa kijani. Hapo sikuweza kusema tunaonewa tu. Mahindi yale yalianikwa chini, kwenye udongo, yakapakiwa yangali mabichi.

Ningetumwa mimi Geneva, nisingepoteza pumzi kuomba msamaha wa masharti ambayo hayatubani. Ningedai maabara za mpakani, mashine za kukaushia na turubai, viandikwe kama deni la wanaotunga viwango. Ahadi za msaada wa kiufundi zimo ndani ya mikataba, lakini zimeandikwa kwa lugha ya hisani, hakuna awezaye kumshitaki mtu kwazo.

Nawe nijibu: huko Namanga sampuli zinapimwa upande upi, na gharama ni ya nani? Huku humwangukia mwenye mzigo, na yeye humkata mkulima.

Wako,
Wafula