Salim, usinunue hiyo shoo

Tanga, Jumapili usiku

Ndugu yangu Salim,

Asalaam aleykum. Sisi wazima. Mama yako mzima, mguu umetulia, ameanza tena kwenda harusini na kurudi akiisema pilau ya watu. Salamu zingine zitafuata mbele, kwanza nikuwahi: ile shoo ya Noah, ule uso wa fito wa mbele ya gari, uliyoiona huko Sharjah, kama hujailipia, usiilipie. Kama umelipa, mrudie mwenye duka kwa lugha nzuri, ile lugha uliyoitumia kwa baba yake Mwanahawa. Yangu imepona.

Najua unacheka. Picha uliiona. Yule bwana wa pikapu aliporudi nyuma bila kutazama, kile chuma cha kuvutia tela kiliingia katikati kabisa: fito zimekatika, ukanda wa kromu umepasuka, na sikio moja la kufungia skrubu limebaki kwenye gari peke yake. Akashuka, akaangalia, akasema pole, akaondoka. Huku Ngamiani nilitajiwa bei ya shoo iliyotumika, Salim, ningeongeza kidogo tu ningepata mbuzi wa akika. Na hiyo yenyewe masikio mawili hayapo!

Halafu akaja Kidevu. Unamjua. Kabla sijamaliza kumweleza, ameshatoa supagluu mfukoni. Akapaka, akashikilia, akapuliza, akasema "tayari, twende". Tulipofika tu kwenye matuta ya barabara ya Pongwe fito zote zikaachia. Ile gundi inashika haraka, sikatai, lakini ikikauka inakuwa ngumu na haina mnyumbuliko, na shoo inatikisika muda wote. Kidevu mpaka leo anasema tatizo ni matuta.

Sasa nisikilize, maana na wewe una mikono ya kufungua fungua vitu. Kitu cha kwanza si gundi wala rangi. Geuza plastiki, uangalie mgongoni. Kuna herufi ndogo zimechorwa humo kiwandani, zinataja aina ya plastiki. Shoo yangu imeandikwa ABS. Bampa, lililo chini yake sentimita chache tu, limeandikwa PP. Ukiviona kwa nje utasema ni kitu kimoja, kumbe dawa ya huyu haimfai yule. ABS inayeyuka kwa asetoni. PP unaweza kuilowesha humo mpaka kesho, itakutazama tu. Hiyo inataka moto, uiyeyushe na kijiti cha PP mwenzake. Na kama herufi zimefutika, kwangua kipande kidogo ukitie kwenye kikombe cha maji: PP inaelea, ABS inazama. Nilimwonyesha fundi Juma jambo hili, akanyamaza kidogo, kisha akasema alikuwa anajua. Haya.

Asetoni niliipata kwa wale wanaotengeneza maboti ya faiba, wanasafishia brashi zao. Usije ukachukua ile ya kufutia rangi ya kucha, ina maji na mafuta ndani, na nyingine hata asetoni yenyewe haimo. Nikatafuta ABS ya kuyeyusha, na hapo bodaboda wametusaidia sana, maana vijiwe vyao vimejaa vipande vya mapambo ya pikipiki vilivyovunjika, vingine vina herufi zilezile. Nikakatakata vidogo, nikavitia kwenye chupa ya kioo yenye asetoni, nikafunga. Kufika asubuhi chupa ina kitu kizito kama uji wa mgonjwa. Hiyo ndiyo gundi. Tena si gundi hasa, ni plastiki ileile. Inauyeyusha kidogo ukingo wa ufa, halafu asetoni ikiruka vinabaki kitu kimoja.

Mama Chiku alitaka kuniua. Nilikuwa uani, naye amewasha jiko la mkaa hatua chache kutoka nilipo. Nikamwambia ahamishe jiko, mvuke wa hii kitu unadaka moto kwa mbali. Akasema jiko lilikuwepo kabla ya Noah. Nilihama mimi.

Ufa wenyewe nilitoboa kitundu kidogo pale unapoishia, ili usiendelee kutembea, kisha nikauchimba kwa nyuma kama mfereji, ndipo nikapaka. Kidogo kidogo, Salim. Ukijaza kwa mara moja, juu panakauka na ndani panabaki laini, halafu panabonyea. Lile sikio lililokatika lilinisumbua kuliko vyote, kwa sababu uzito wote unaning'inia hapo. Nilikata wavu wa chuma kisichoshika kutu, nikauzamisha kwa pasi ya kulehemu ya fundi redio mgongoni mwa shoo, nikajenga sikio jipya juu yake tabaka kwa tabaka. Moshi wa ABS si wa kuvuta, nilikaa upande upepo unakotoka. Wavu umetoka wapi? Chujio la chai. Hilo usilitaje ukipiga simu nyumbani, kuna uchunguzi unaendelea.

Kromu ndiyo ilinitia mawazo. Unajua ile si rangi. Ni plastiki iliyovikwa shaba na nikeli, na juu kabisa kromu nyembamba mno. Pale ilipobanduka pana kingo kali, na ukipuliza rangi juu yake kingo zote zinaonekana. Basi ni msasa wa maji mpaka kidole kisihisi ngazi, umevaa barakoa, na kromu iliyobaki unaikwaruza ipoteze ule utelezi, la sivyo rangi itatoka kama ganda la kitunguu. Kisha praima ya plastiki, kisha nyeusi isiyong'aa, tabaka nyepesi nyepesi. Na huku kwetu pwani usipulize jioni. Unyevu ukishuka, rangi inaota ukungu mweupe. Nilingoja jua lipande vizuri, nikapulizia kivulini, uwanja nimeumwagia maji vumbi litulie.

Imetoka nyeusi tupu, haina kromu hata ya dawa, na nimeipenda kuliko ilivyotoka Japani. Shemeji yako anasema gari limenuna.

Kidevu sasa anataka niweke wavu wa vitundu vidogo mbele yote, na vitaa vya bluu ndani yake. Vitaa sivijadili. Wavu nimemkatalia kwa sababu moja: hii gari inapanda Lushoto kwa wakwe. Kutoka Mombo pale ni mlima na kona tu, rejeta inataka upepo, na shoo kabla haijawa pambo ni dirisha la rejeta. Wavu wa matundu makubwa ningeufikiria. Lakini ule anaoutaka yeye ni wa kuzuia mbu.

Na wewe hiyo gari yako mpya, ukitamani kupaka nembo ya mbele nyeusi kama vijana wa huko, angalia kwanza. Magari mengi ya sasa rada ya kupima umbali imekaa nyuma ya nembo. Rangi yenye chembe za chuma, au wavu wa chuma, inaiziba.

Kwa hiyo badala ya shoo nitafutie klipu. Zile za plastiki za kubania shoo kwenye bampa. Zangu zimekaushwa na jua, ukizigusa zinakatika. Picha nimekutumia, ile yenye rula pembeni. Rangi usimpe Zuhura, makopo ya kupuliza hayaruhusiwi kwenye ndege, hata kwenye begi la chini. Klipu hata kwenye kiatu zinaenea.

Sasa nijibu. Zuhura anakuja kabla ya Ramadhani au baada? Kontena la kina Mbaruku limeondoka, au bado ni yale maneno ya wiki ijayo? Kile kiwanja cha Pongwe umeamua nini, maana jirani ameshaanza kupanda mihogo upande wako na anasema mlikubaliana? Mlikubaliana? Na yule mwenye duka akikataa kurudisha pesa, kuna Noah nyingine hapa mtaani, ya mzee Shekue, shoo yake imefungwa kwa kamba za katani. Nimuulize kama ataichukua?

Wako,
Rajabu